SPIKA HAIJAFA MPAKA IPIMWE

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na fundi mmoja wa umeme wa magari, mbele ya wanachama wa tawi, mafundi na wafanya kazi wa matatu. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale walioshikwa na kazi wasiweze kufika.



Nimeombwa na Halmashauri niseme habari za spika za magari. Nimeona wengine wenu wakicheka pale mlangoni, maana katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za mishahara, likizo na watu waliofutwa kazi. Spika ni kitu cha anasa, wanasema. Basi nipeni muda kidogo, nanyi mtaona kwamba spika imeingia katika mfuko wa mshahara wenu tangu zamani, tena bila ya kubisha hodi.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika gereji moja karibu na Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Grogan. Ililetwa matatu ya kwenda Kawangware. Dereva alisema spika mbili za nyuma zimenyamaza tangu asubuhi. Nilizungusha kitasa cha redio, nikasikiliza, nikagonga spika kwa kidole, nikasema, "Zimekufa zote mbili. Kijana wako amezipasua kwa sauti kubwa." Sikupima kitu. Nilikuwa na haraka, na tena nilitaka nionekane fundi anayejua kwa masikio tu. Tajiri wa gari alinunua spika mpya Luthuli Avenue, na bei yake akaikata katika malipo ya dereva na kondakta, nusu kwa nusu. Kondakta alikataa. Alisema hakupandisha sauti. Akajibiwa kwamba fundi ndiye aliyesema, akafutwa kazi.

Wiki tatu baadaye gari likarudi. Spika mpya nazo kimya. Siku hiyo alikuwapo mzee mmoja mwenye mita, akaniambia tufungue sakafu. Tukakuta mguu wa kiti umekaa juu ya waya unaokwenda nyuma, umeubana mpaka shaba yake imekatika ndani ya ngozi. Kwa nje waya ulionekana mzima. Nilipofunga zile spika mpya nilikuwa nimeuvuta waya, ncha zikagusana tena, na ndiyo sababu zililia kwa wiki tatu. Spika za zamani zilikuwa bado ziko chini ya meza yetu ya kazi, zimefunikwa na vumbi. Tulizipima. Zote mbili zilikuwa nzima.

Dereva alirudishiwa pesa zake baada ya Katibu wa tawi kwenda kuzungumza na tajiri. Kondakta alikuwa amekwisha kwenda kwao, na mahali pake pameshikwa na mtu mwingine.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inampa tajiri ruhusa ya kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini sharti iwe imeharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Waya uliobanwa na mguu wa kiti si makusudi ya mtu. Maji ya mvua si makusudi ya mtu. Lakini fundi akisema, "Kijana ameipasua," amekwisha kuandika mashtaka bila ya yeye mwenyewe kujua. Kwa hiyo nataka kila fundi wa chama hiki, kabla ya kutamka kwamba spika imekufa, awe ameifuata njia yote ya sauti.

Njia hiyo si ndefu. Stima hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, huingia katika redio. Redio huigeuza kuwa stima ya sauti, na kama kuna amplifaya hupita huko ikaongezewa nguvu. Halafu hushuka kwa waya mbili mpaka nyuma ya spika. Ndani ya spika mna sumaku, na katikati ya sumaku mna koili ya waya mwembamba sana iliyogandishwa na karatasi. Stima ikipita, koili husukumwa na kuvutwa, karatasi hutikisika, nasi tunasikia wimbo. Ni hayo tu. Mahali popote katika njia hiyo pakikatika, mwenye gari husema neno moja: "Spika."

Kwanza uliza maswali. Imenyamaza ghafula au imefifia polepole? Ilianza baada ya mvua? Je, betri ilitolewa? Magari mengi yetu ni yale yaliyokwisha tumika huko Japani. Zipo redio za huko ambazo betri ikitolewa hujifunga zenyewe na kutaka nambari ya siri. Tena redio za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76, nyingi zikaishia 90, na vituo vyetu hapa Kenya viko kati ya 87.5 na 108. Basi mtu hununua gari, hufungua redio, husikia kituo kimoja au viwili na mvumo mtupu, huja kwako kusema spika ni mbovu. Nimeona mtu wa Kileleshwa aliyebadilishiwa spika nne kwa ugonjwa huo. Aliyembadilishia alikula pesa yake vizuri, nami nikaona haya kwa niaba yake.

Baada ya maswali, tumia kile kifungo cha redio cha kugawa sauti kulia na kushoto, mbele na nyuma. Spika zote zikinyamaza pamoja, usiguse spika. Ni nadra sana spika nne kufa saa moja. Tazama fyuzi, tazama redio, tazama waya wa athi, yaani ule unaoshika bodi ya gari. Ikinyamaza moja tu, fanya jambo hili: ondoa spika ile, uweke mahali pake nyingine unayoijua kuwa nzima. Ugonjwa ukihama pamoja na spika, spika ndiyo mgonjwa. Ukibaki pale pale, mgonjwa ni waya au redio. Kazi hiyo haina haja ya mita wala shule.

Spika ikiwa mkononi, chukua betri ndogo ya tochi, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Gusa nyuma ya spika mara moja, uachie. Ikifanya "tak" na karatasi ikaruka, koili haijakatika. Usigandishe waya, gusa tu. Na tafadhali, acheni ile desturi ya kugusa spika kwa betri ya gari. Hesabu ni rahisi: 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 4, unapata wati 36 zinazopita katika uzi mwembamba kama unywele, tena zinapita bila kupumzika. Spika iliyokuja nzima umeiua wewe katika kuipima.

Mwenye mita apime omu, na spika iwe imefunguliwa kutoka kwa waya zake. Spika iliyoandikwa omu 4 itasoma kama 3 na kitu, kwa kawaida chini kidogo ya 4. Usishangae, ndivyo ilivyo. Ya omu 8 itasoma kama 6 au 7. Mita isiposoma kitu, kuna mahali pamekatika. Lakini hata hapo usiitupe upesi: tazama zile nyuzi mbili zilizosukwa zinazotoka kwenye kibati cha nyuma kwenda kwenye karatasi. Mara nyingi hukatika pale kwenye kibati kwa kutikisika, na mtu mwenye mkono mtulivu huzilehemu kwa dakika 5. Mita ikisoma karibu na sufuri, koili imeungua na nyuzi zake zimeshikana. Hiyo kweli imekufa, tena ni hatari, maana ikirudishwa itaua na redio.

Halafu iko spika inayolia lakini kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za karatasi, uisukume ndani polepole, sawasawa. Ukisikia inakwaruza, koili imepinda kwa moto au mchanga umeingia katika sumaku. Ikienda laini, tafuta mahali pengine: ukingo uliopasuka, parafujo iliyolegea, au kifuniko cha mlango kinachotetemeka. Nilipoteza nusu siku nikitafuta mkwaruzo katika gari moja la Kangemi, kumbe ni sarafu ya shilingi 5 iliyoanguka ndani ya mlango.

Katika milango ndiko kuna kazi nyingi. Waya hupita ndani ya mpira ulioko kati ya mlango na bodi, na kila mlango ukifunguliwa waya hupindwa. Baada ya miaka hukatika ndani ya ngozi. Dalili yake ni spika inayolia mlango ukiwa wazi na kunyamaza ukifungwa, au kinyume chake. Usiunge kwa kusokota na tepu nyeusi katikati ya mpira. Utakuwa umefanya kazi ya wiki mbili. Weka waya mpya mrefu uanzie ndani ya gari uishie ndani ya mlango, na kiungo kisiwe mahali panapopindwa.

Na mvua. Nyuma ya kifuniko cha mlango mna karatasi ya nailoni iliyobandikwa ili maji yanayoteremka ndani ya kioo yasifike upande wa abiria. Fundi wa madirisha huja, huichana, hurekebisha kioo, hufunga kifuniko, huenda zake. Masika ya mwezi wa Machi hadi Mei yakifika, maji huingia nyuma ya spika, karatasi hulowa, kutu hushika. Mwenye gari huja kwetu mwezi wa Juni na kusema spika za siku hizi hazina maana. Ndugu mafundi wa madirisha, ninyi pia ni wanachama, nasema mbele yenu: rudisheni nailoni ile.

Kama kuna mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda mwendo wa injini ukipanda, hiyo ni stima ya alternata inaingia katika sauti. Spika haina kosa hata kidogo. Tafuta athi iliyofungwa juu ya rangi au kutu. Kwaruza mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu. Tena usipitishe waya wa sauti bega kwa bega na waya mnene wa betri. Pitisha mmoja kulia, mwingine kushoto. Nanyi mliojifunza kazi katika magari ya zamani sana, mkumbuke kwamba siku hizo upande mmoja wa spika uliweza kufungwa kwenye bodi. Redio za sasa hazitaki hivyo. Waya zote mbili za kila spika sharti zirudi kwenye redio, na waya wowote wa spika ukigusa bodi, redio hujizima au huungua.

Sasa nataka kusema na ndugu wa mabasi makubwa kidogo, yale ya abiria 33 na kuendelea. Matatu ya abiria 14 ni ya volti 12. Mabasi mengi ya Isuzu ni ya volti 24, betri mbili zimefungwa pamoja. Redio ya gari ni ya 12. Fundi mvivu huchukua waya kutoka katika betri moja tu, na redio hulia vizuri, tajiri akafurahi. Lakini betri ile moja inanyonywa mchana kutwa, na mwenzake hainyonywi. Alternata inazijaza zote mbili kama kitu kimoja, haijui kwamba moja ina njaa. Basi moja hubaki na njaa siku zote, na ya pili hushibishwa kupita kiasi mpaka ichemke. Baada ya miezi michache basi haliwaki asubuhi, na dereva huulizwa amefanya nini na betri. Wekeni kile kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, chenye nguvu ya kutosha, na ikiwa tajiri hataki kukinunua, andikeni katika risiti kwamba alikataa.

Jambo lingine ni uongo wa masanduku. Redio imeandikwa wati 50 mara 4. Gari likiwaka lina volti 14 hivi. Ukipiga hesabu kwa spika ya omu 4, redio isiyo na amplifaya haiwezi kutoa sauti safi ya zaidi ya wati 20 hivi kwa kila spika. Kijana akizidisha kitasa, ncha za sauti hukatwa, sauti hukwaruza, na zile spika ndogo za sauti nyembamba, yaani twita, ndizo huungua kwanza. Hapo kweli ni kitasa kilichoiua. Lakini mara nyingi kosa lilianza kwa aliyefunga: ameunganisha spika nne za omu 4 kwenye waya mmoja, zote sambamba, na redio inaona omu 1 tu. Redio hiyo iliumbwa kwa omu 4. Inachemka, inajizima, inapoa, inawaka tena. Ukiona muziki unakatika kila baada ya dakika kumi, shika mgongo wa redio kwa mkono. Ukikuunguza, hesabu spika.

Nikifika kwenye moto sitanii. Waya mnene unaotoka katika betri kwenda kwenye amplifaya sharti uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, usipite urefu wa mkono mpaka kiwiko. Fyuzi hailindi amplifaya, inalinda waya. Waya huo ukichunika chini ya kiti na kugusa chuma, betri itatoa nguvu zake zote mara moja, na waya utawaka kama kaa, chini ya abiria. Nimekuta fyuzi imefungwa karatasi ya sigara inayong'aa. Nimekuta msumari. Aliyeweka msumari alitaka gari lisikose safari za jioni, nami namwelewa, lakini gari lile lilikuwa na watu 14 na mlango mmoja.

La mwisho ni masikio. Katika yale magari ya mapambo, vijana wanayaita nganya, wufa huwekwa chini ya kiti au nyuma ya mgongo wa abiria, na dereva na kondakta hukaa humo tangu alfajiri hadi usiku. Abiria hushuka Kangemi baada ya safari moja. Mfanya kazi hashuki. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinasema mfanya kazi asipate zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8 katika siku moja. Waganga wengi wa masikio wanataka iwe chini zaidi, 85. Ukirudi nyumbani masikio yanapiga filimbi, umekwisha kupita kiasi. Sikio halina spika ya kubadilisha Luthuli Avenue. Fundi anaweza kusaidia: asiweke twita usawa wa kichwa cha dereva, na zile za mbele azipunguzie nguvu, muziki uwe nyuma kwa wanaoutaka.



MASWALI

Dada mmoja anayeendesha teksi kutoka Westlands alisema amewekewa spika mpya mbili mbele, kila moja ikilia peke yake ni nzuri, zikilia pamoja ngoma hupotea. Fundi akajibu: Moja imefungwa kinyume. Inasukuma wakati mwenzake inavuta, na sauti nzito zinauana katikati. Geuza waya mbili za spika moja tu, usiguse ya pili. Kwa betri ya tochi utajua: upande wa kujumlisha ukiguswa mahali pa kujumlisha, karatasi huruka nje. Zote mbili ziruke nje.

Kijana wa jua kali kutoka Dagoretti aliuliza: Sisi hatuna tajiri wala mshahara. Mita tutapata wapi? Fundi akajibu kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi miaka bila mita, na kwamba ile ya bei ya chini inatosha kwa spika. Bwana Katibu alisema mita moja ya tawi itakaa ofisini, na mwanachama ataazimwa kwa kuandika jina lake.

Mzee mmoja dereva aliuliza: Na fundi akisema uongo juu ya spika, mtu akakatwa mshahara, nani atamlipa aliyekatwa? Palikuwa na kelele kidogo. Fundi alisema yeye angelipa, na kwamba hata sasa hajamlipa yule kondakta. Wengine walisema fundi naye ni maskini, walipe matajiri waliokata bila ya kuuliza. Bwana Mwenyekiti alisema swali hilo litaandikwa katika shughuli za mkutano ujao wa tawi, na wanachama waje na risiti zao za makato.